Jina Lililo Kwenye Akaunti

Shieywe, Kakamega
14 Januari 2023

Ndugu yangu Joash,

Mulembe. Natumaini wewe, Priscah na mtoto wetu Natasha mu wazima huko Dublin. Huku tupo. Mama anatembea, ingawa goti la kushoto bado linamsumbua, na fimbo ameikataa kwa sababu anasema itamzeesha. Miwa ya shamba la Kabras imekatwa wiki jana. Mama pia ameniagiza nikuambie kwamba kaburi la Baba limekwisha kujengewa. Nimekuambia.

Nakuandikia barua pepe kwa kuwa kwa simu hatuelewani tena. Tangu mazishi, kila tukipigiana tunaishia kwenye makelele, na Mama hukaa hapo akisikia upande wangu peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Wezi wamevunja ofisi yangu ya Malava. Mtungi wa mbegu za fahali waliuacha, sijui waliogopa ule moshi wake wa baridi, lakini kompyuta walibeba. Ndani yake mlikuwa na habari za kila ng'ombe niliyempandisha tangu nianze kazi hii: mama yake nani, baba yake fahali yupi, alipandishwa lini, alizaa nini. Wakulima wa Lugari na Kabras hawayaweki mambo haya. Wananitegemea mimi. Nisipojua baba wa mtamba, siku moja nitampandisha kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na ndama wa namna hiyo huja na kasoro, au hawaji kabisa. Nakala nilikuwa nayo kwenye flashi. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Unaweza kucheka.

Baba akiwa hai uliwahi kutuambia habari za kuweka kazi ya ofisi kwenye wingu, tukakucheka sisi. Nieleze sasa, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Dada yako,
Winrose

*

Dublin
29 Januari 2023

Dada Winrose,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi ni wazima. Natasha ameng'oka meno mawili ya mbele na anamuulizia senge wake, shangazi yule wa ng'ombe. Priscah anakusalimu. Giza huku linaingia saa kumi na moja jioni, mtu hazoei.

Pole kwa wizi. Sijacheka.

Kwanza, hakuna wingu. Hilo ni jina tu. Ni kompyuta, maelfu kwa maelfu, zimepangwa ndani ya majumba marefu yasiyo na madirisha. Moja liko nje kidogo ya mji huu, napita kando yake nikienda kazini. Kampuni kubwa zimezinunua, zinazilinda na kuzipoza usiku na mchana, na wenye biashara kama wewe wanakodi nafasi ndani yake kupitia mtandao. Fikiria stima. Hukujenga bwawa wala kununua mtambo. Unawasha taa na kulipia ulichotumia, ukitumia kidogo unalipa kidogo. Basi habari za ng'ombe zitakaa kule, na hapo Malava utabaki na kioo cha kuzitazamia tu. Mwizi akibeba kompyuta amebeba sanduku. Utanunua lingine, uingize jina na nywila, ukute kila kitu mahali pake.

Zipo programu za kukodi zilizokwisha tengenezwa, za mauzo, za mishahara, lakini hizo hazijui ng'ombe. Ya kwako nitaijenga mwenyewe baada ya kazi. Kijana wako wa kazi, Chrispinus, ataandika kwenye simu akiwa zizini Lugari, na wewe utaona ukiwa Shieywe kabla hajanawa mikono. Pasipo na mtandao simu itahifadhi, kisha itatuma akifika barabarani.

Kitu kimoja uelewe. Akaunti ya namna hii lazima iwe na mwenyewe. Hufunguliwa kwa barua pepe na kadi ya benki ya mtu mmoja, na huyo ndiye anayegawa ruhusa: nani aone, nani aandike, nani afute. Nitaifungua kwa jina langu ili tusipoteze muda, kisha nitakuhamishia wewe.

Habari za kaburi nimezisikia.

Joash

*

Shieywe, Kakamega
6 Mei 2023

Joash,

Mvua imekuwa nzuri na mahindi ya Lugari yamesimama. Mama alikuwa na malaria lakini juzi alikula obusuma na ingokho, ugali na kuku wetu, mpaka mfupa, kwa hiyo tumetulia. Anauliza utakuja lini. Mimi siulizi, ninafikisha.

Mfumo unafanya kazi. Yale yaliyopotea imebidi tuyatafute upya, boma kwa boma. Chrispinus kwa pikipiki na Tracy wa ofisini kwa simu, wakiwauliza watu: huyu alizaliwa mvua ipi, wakati huo mlikuwa mmemwoza binti yupi. Ndivyo watu wanavyokumbuka. Mengi tumeyapata, na yote sasa yako huko kwenye majumba yako yasiyo na madirisha.

Wakulima wamependa zaidi ule ujumbe unaowaendea wenyewe kwa simu, kwamba leo mchunguze ng'ombe fulani kama ameshika mimba. Umemtaja ng'ombe kwa jina lake! Cheptoo, yule mjane wa Lugari mwenye mtamba anayeitwa Sukari, aliuonyesha kanisani, na Jumatatu yake majirani wakapiga foleni kwa Chrispinus. Watu wanasema nimekuwa wa kisasa. Nimeajiri kijana wa pili wa kuzunguka Kabras.

Sasa nihamishie ile akaunti, kama ulivyosema.

Priscah mbona hakuandika chochote siku ya kuzaliwa kwa Mama? Si kawaida yake.

Winrose

*

Dublin
19 Agosti 2023

Dada,

Natumaini Mama amepona kabisa. Natasha hajambo, amebadilisha shule.

Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Kuhamisha akaunti si jambo la kubonyeza mara moja. Kadi yako haikubaliki kwa malipo ya huku, na nikikosea katikati ya kuhamisha mnaweza kupoteza siku nzima ya kazi. Jina ni jina tu. Unaingia, unaandika, unaona, umepungukiwa na nini? Gharama ya kila mwezi ninailipa mimi na sijawahi kukutajia.

Nimempa ruhusa rafiki yangu wa Nairobi, Ochieng, aingie kusaidia matengenezo. Ukiliona jina lake usishtuke. Niambie pia, kwa makisio yako, ni wakulima wa maeneo gani wanaongezeka kwa kasi, na wanamuuzia nani maziwa. Nataka kuboresha mfumo.

Joash

*

Shieywe, Kakamega
11 Novemba 2023

Joash,

Mama hajambo. Miwa haijambo. Sote hatujambo.

Barua yangu ya Septemba hukuijibu, ya Oktoba pia. Barua hizi hufika kabla sijainuka kitini, kwa hiyo usinisingizie posta. Tena mfumo ulioujenga mwenyewe unaandika nani ameingia na lini, na Tracy amenionyesha. Umekuwa ukiingia karibu kila siku. Uko humo ndani ya kazi yangu, unapita kati ya ng'ombe zangu, na salamu hutoi.

Huyo Ochieng hajatengeneza kitu. Amepakua kila kilichomo: majina ya wakulima, namba zao, ng'ombe wao, vizazi vyote tulivyovitafuta boma kwa boma. Juma lililopita wakulima wa Lugari wameanza kupata ujumbe kutoka kampuni moja ya Nairobi wasiyoijua. Ujumbe unamtaja ng'ombe kwa jina lake na kusema sasa watahudumiwa na wao. Cheptoo alinipigia akiuliza kama nimeuza biashara. Nilimwambia sijauza. Akaniuliza, "Basi hao wamemjuaje Sukari?"

Nakuuliza jambo moja. Umewapa nini?

Winrose

*

Malava
20 Januari 2024

Joash,

Leo sina salamu.

Jumatano asubuhi Chrispinus alikuwa zizini kwa Cheptoo. Sukari alikuwa anataka dume tangu jana yake, na jambo hilo halingoji, ukichelewa umengoja wiki tatu nyingine. Chrispinus akanipigia.

"Madam, simu inakataa. Inasema sina ruhusa."

Nikamwambia azime awashe. Wakati huo Tracy naye ananiita kutoka mezani kwake, kioo kinamwambia vivyo hivyo. Nikajaribu kwa nywila yangu. Sina ruhusa. Kwenye kazi niliyoianza mwenyewe kwa baiskeli, nikizunguka Kabras na mtungi mgongoni wakati wewe uko chuoni, mimi Winrose Masinde sina ruhusa.

Nakala hatukuwa nayo. Ulituambia hatuihitaji, kwamba kule zinajinakili zenyewe. Nikakaa nikijaribu kumkumbuka baba yake Sukari. Nilikuwa na fahali wawili kichwani na Chrispinus anangoja kwenye simu. Nikaamua mmoja ndiye baba, nikamwambia atumie mbegu ya yule wa pili. Mpaka sasa sijui kama nilikumbuka vizuri.

Ukija hapa utaiona ofisi iko pale pale. Kiti, meza, mtungi, hata kalenda ya ukutani. Mwizi wa kwanza alivunja mlango na akaniachia biashara. Safari hii hakuna aliyegusa hata kitasa, na biashara haipo.

Mama ameniuliza mbona nimekonda. Nimemwambia ni vumbi la barabara.

Winrose

*

Dublin
25 Februari 2024

Winrose,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuifuta. Sasa naituma ilivyo.

Nilipoteza kazi mwaka jana mwezi wa sita. Sikusema kwa sababu najua ungesema nini, na ungekisema mbele ya Mama. Ile kampuni ya Nairobi ilinitafuta yenyewe kupitia Ochieng. Walitaka mfumo wa ng'ombe wenye habari za kweli ndani yake, na katika Kenya nzima mfumo wa namna hiyo nilikuwa nao mimi. Nikaingia ubia nao. Akaunti ndiyo mtaji wangu. Sikuiba kitu. Jina lililokuwa kwenye akaunti ni langu, kila mstari wa programu ile niliuandika mimi, macho yakiuma, baada ya kutoka kazini.

Wewe unasema kazi yangu, ng'ombe zangu. Kwa mwaka mzima umeniandikia kwamba watu wanakuita wa kisasa. Hata siku moja hukuandika asante. Nimeangalia picha aliyoweka Tracy mtandaoni, ya ubao mpya wa ofisi: Winrose Masinde. Mimi siko hata kwa herufi ndogo. Shamba la Kabras Baba alikuachia wewe, kwa kuwa ulikuwepo. Mimi nilipewa elimu, na ninyi mnaihesabu hiyo elimu kama urithi nilioula nikamaliza.

Na mazishi. Mnadhani nilikaa huku nikinywa chai. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa hazijatoka. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi, na Natasha angebaki bila baba. Nilichagua. Hakuna aliyeniuliza, mlinihukumu tu.

Nitawaomba wakuajiri uwe msimamizi wao wa Magharibi. Watakubali, wanakujua kwa jina.

Joash

*

Shieywe, Kakamega
2 Novemba 2024

Joash,

Nilikuwa nimeamua kutokuandikia tena. Miezi yote hii nimeishinda kwa jinsi hiyo. Kazi yao sikuitaka na barua ya ajira ya bwana wao wa Nairobi niliirudisha bila jibu.

Jumamosi iliyopita Sukari alianza kuzaa. Cheptoo alinipigia mimi, hakuwapigia wale wa kampuni, ambao kijana wao alifika mara mbili tu Lugari kisha akahamishiwa Nandi. Nikaenda na Chrispinus. Ndama alikuwa amekaa vibaya. Nilipoingiza mkono nilijua kwamba kuna kitu hakikuumbika sawasawa, miguu ya mbele ilikuwa imejikunja na kukauka kama kuni, haikunyooka hata kidogo. Tulihangaika naye mpaka jua likasimama kichwani. Ndama alitoka amekufa, na Sukari hakuinuka tena.

Yule fahali niliyeagiza mbegu yake itumike siku ile ndiye aliyekuwa baba yake Sukari. Nimeliona hilo kwa cheti cha zamani cha upandishaji ambacho binti wa Cheptoo alikitoa kabatini tulipokuwa tunanawa. Kwa hiyo mkono ni wangu na kosa ni langu, sitalisukuma kwako lote. Lakini ungeniacha na ruhusa ya kusoma tu! Ya kusoma peke yake, hata ukachukua mengine yote.

Cheptoo hakunilaumu. Alinipa maji ya moto na sabuni, akasema nipumzike kabla ya kuendesha. Ningependa angenitukana.

Mama nimemweleza yote. Alikuwa anachambua mboga. Alichambua mpaka akamaliza, kisha akaniuliza kama Natasha bado anasoma ile shule mpya.

Winrose

*

Dublin
24 Novemba 2024

Dada yangu,

Nimesoma habari za Sukari nikasimama, nikakaa tena. Mpe Cheptoo pole zangu kama zitapokelewa.

Mwambie Mama kwamba ile shule mpya ya Natasha haiko huku. Priscah aliondoka naye mwaka jana, kabla ya kazi yangu kwisha. Wako Uingereza. Mtoto namwona wakati wa likizo. Ndiyo maana nilikuwa simtaji Priscah, na wewe uliliona hilo mapema kuliko nilivyotaka.

Lililobaki ni aibu, lakini ni bora ulisikie kwangu. Mwezi wa nane niliamka nikataka kuingia kwenye mfumo. Kioo kikaniambia sina ruhusa. Kuingia ubia kulinitaka niwahamishie umiliki wa akaunti, nami niliuhamisha. Ilichukua kama robo saa. Sasa wanasema mkataba ulihusu mfumo na mfumo wameshaupata. Ochieng hashiki simu.

Nimesikia kwa Tracy kwamba wakulima wa Lugari na Kabras wanaunda kikundi na wewe, mnataka mfumo wenu. Nijengee nafasi humo. Sitaki hisa wala jina. Niweke tu kama fundi wa kuutunza kutoka huku. Ninaijua kazi hii kuliko mtu yeyote mtakayempata, na wewe unajua kwamba ninaijua. Waombe.

Joash

*

Shieywe, Kakamega
18 Januari 2025

Ndugu yangu Joash,

Mulembe. Mama amekubali fimbo hatimaye, anaitumia zaidi kuwafukuza kuku. Alilia kwa ajili ya Natasha, kisha akasema nikuambie uje naye likizo ya Aprili, chumba cha nyuma kipo na kitanda nimekwisha kukitandika. Hilo ni la nyumbani, nalo halina masharti. Kaburi la Baba pia liko hapo, hakuna atakayekuongoza kwalo wala kukuzuia.

La pili ni ombi lako. Mfumo mpya tumeukodi kwa kampuni nyingine. Akaunti iko kwa jina la kikundi, na barua pepe yake ni ya kikundi. Mtu mmoja hawezi kubadilisha umiliki. Namba ya siri inakuja nusu kwa simu yangu na nusu kwa simu ya Cheptoo, na lazima tuwe wawili tumekubaliana. Kila mwisho wa mwezi Tracy anapakua nakala ya kila kitu na kuiweka mbali na ofisi. Mkataba niliusoma kabla ya kutia sahihi, hasa pale panaposema tukitaka kuondoka tutaondoka na habari zetu zote, na zitafutwa kwao. Haya yote ungeweza kunifundisha wewe, tangu ile barua ya kwanza. Niliyasoma mwenyewe, jioni baada ya jioni.

Ombi lako nililipeleka kwenye mkutano, katika jumba la kanisa la Lugari. Nililisoma lilivyo, sikuongeza wala kupunguza. Mwenyekiti akasema aliyepoteza zaidi ndiye aseme kwanza. Cheptoo akasimama, akaniangalia mimi, hakuwaangalia wengine.

"Winrose, huyo ni ndugu yako," akasema. "Sisi si ndugu zake."

Akakaa. Mwenyekiti akaniuliza kama nina neno kabla mikono haijainuliwa. Nilikuwa nalo. Kwamba mfumo wa kwanza ulioujenga ulikuwa mzuri, na huu wa sasa tumeuiga huo. Kwamba uliulipia mwaka mzima na hukunidai. Kwamba ulifanya kazi usiku kwa ajili ya ng'ombe usiowajua, na mimi sikukushukuru hata kwa herufi ndogo. Wananiheshimu pale. Ningeyasema hayo, nadhani wangekukubali.

Nikasema sina neno. Mikono ya kukukataa ikainuliwa, na wangu ukiwemo.

Dada yako,
Winrose